Tangulia, Chatu Atakufuata

Leokadia mwanangu,

Anayekuandikia ni mtu ambaye, nyoka akionekana popote hapa Bombambili, watu huuliza kwanza mimi niko wapi, halafu ndiyo watafute fimbo. Hilo unalijua, umekulia ndani yake. Mwenyekiti wa mtaa aliniita saa ya chakula, nikaenda kumtolea swila chooni kwake kwa mkono mmoja, na ule mwingine ulikuwa bado umeshika tonge. Kutoka Njombe mpaka ziwani Nyasa, anayewajua nyoka kunizidi mimi bado hajazaliwa, na kama amezaliwa basi ananyonya.

Nimeanza hivyo ili ukumbuke unasoma barua ya nani. Maana leo jioni ulipoingia chumbani na kufunga mlango taratibu, bila kuubamiza, niliona umeshasahau. Mlango ukibamizwa, mtu anajua ugomvi utaisha. Ule wa taratibu ndio unaochosha.

Ngoja niliseme lenyewe, tusilizunguke. Ulipokwenda Matogoro kumuaga bibi yako, uliniachia chatu kwenye sanduku lake ukaniambia, "Mjomba, usimpe kitu. Kesho tunasafiri." Nikasema sawa. Uliporudi ukafunua kitambaa, ukachungulia.

"Mjomba, huyu amekula nini?"

"Kidogo tu."

"Kidogo nini?"

"Kuku."

"Kuku mzima?"

"Sasa mama, yeye angemkata na nini?"

Ulimtazama mama yako Editruda, mke wangu, aliyekuwa anachambua maharage, naye akasema bila kuinua kichwa, "Mimi nilimkataza. Muulize alinijibu nini." Hukuniuliza. Nilimjibu kwamba katika nyumba hii hakuna msafiri aliyewahi kuondoka na tumbo tupu, awe na miguu au asiwe nayo.

Basi najua unachowaza huko ndani. Unawaza umbebe hivyohivyo. Yule bwana wa Tunduru mwenye nyumba ya nyoka, anayetaka watoto wa shule waletwe kuwaona ili waache kuwaua ovyo, alikuambia uje na chatu wako. Cheti cha chuo unacho, kibali unacho, mwenye basi amekubali sanduku likae mbele, miguuni pako. Sasa ufike siku ya kwanza ya kazi mikono mitupu, useme nini? Kwamba mjomba amemlisha? Ataona umeanza visingizio kabla hujaonyeshwa pa kulala.

Hata hivyo nakuomba usimbebe. Tangulia peke yako. Niachie chatu wiki hii mpaka uvimbe ushuke na apate choo, halafu nitamleta mwenyewe. Najua swali lako: nitamwachaje kwa mtu huyuhuyu? Ni swali la haki. Ndiyo maana naandika badala ya kugonga mlango. Mdomo wangu umezoea kuchomeka mambo. Kalamu inanichosha, kwa hiyo itabidi niandike yale ya kweli tu, au yaliyokaa karibu na kweli.

Sitakuandikia habari za kusali, kufunga mlango na kuchagua marafiki. Hayo mama yako Editruda ameyasema wiki nzima, na yaliyobaki ameyafunga kwenye begi pamoja na dagaa wa Nyasa. Mimi nitakuambia niliyokosea, kwa kuwa hayo ndiyo mali yangu.

Unajua niliishia darasa la tano. Si kwa kukosa akili, akili ilikuwepo, ilinizidi hata mimi. Ilipita sarakasi hapa Songea, watu wa kuruka moto na kutembea juu ya kamba, na walikuwa na chatu jike waliyemwita Shangazi, kwa sababu akija anakula, analala, na hakuna wa kumuuliza ataondoka lini. Alikuwa mrefu hivi kwamba kichwa kikishafika sokoni, mkia bado unateremka kwenye lori. Wakatafuta mtu wa kumtunza. Nikawa, kwa lugha ya leo, mkurugenzi wa chakula cha nyoka. Wao walisema mbeba sanduku, lakini wale hawakuwa watu wa vyeo.

Huyo Shangazi ndiye aliyemeza mbuzi na kengele yake shingoni. Hilo nimeshakusimulia. Kila akigeuka usiku, kengele inalia tumboni, mpaka katekista akaamka akidhani amechelewa misa.

Kosa langu la kwanza nililifanya siku ileile aliyoletwa nyumbani kwetu. Bibi yako alikuwa amechinja jogoo kwa ajili ya wageni wa sarakasi, wanakula, wanasifu, na mimi namwangalia Shangazi amejikunja kwenye kona bila chochote. Unajua kwetu. Mgeni asipokula, mwenye nyumba halali. Nikamletea kuku, akageuza kichwa. Nikamsogezea, akajificha. Nikaona ananidharau mbele ya watu. Mpaka leo najua ilikuwa hivyo, niligombana na nyoka kama mwenyeji aliyerudishiwa sahani. Nikachukua mwiko, nikampanua mdomo, nikamsukumia.

Alimeza. Nikawatazama wale wageni, nikaona nimeshinda. Kesho yake akamtapika yule kuku, nusu ameiva nusu mbichi, harufu yake ikahamisha majirani. Na nyoka aliyetapika si kama mlevi, kwamba kesho atarudi tena palepale. Shangazi alikaa zaidi ya mwezi hagusi kitu, ngozi ikamlegea kama soksi.

Mzee mmoja wa sarakasi akaniuliza, "Wewe ukitekwa, ukafungiwa kwenye sanduku, ukashushwa kwa watu usiowajua, utaomba ugali?"

"Nitaomba nyama," nikamjibu.

"Ndiyo maana unafanana na panya kuliko nyoka," akasema.

Nyoka mgeni anataka giza, maji, mahali pa kujificha, na watu waondoke. Wiki nzima, hata zaidi. Umshibishe ukimya kwanza. Hilo wewe ulilijua bila kuumia. Wale mafundi wa tofali wa Matogoro walipomkuta huyu chatu wako kwenye tanuru lililopoa wakaanza kutafuta mapanga, ulisimama katikati yao ukawatuliza, nami nilikuwa palepale nikikushauri kwa mbali. Ukahangaika na ofisi mpaka kibali kikapatikana. Ukamweka kwenye sanduku, ukamfunika, ukamwacha. Kila siku nakuuliza, "Amekula?" unasema, "Bado, mjomba. Mwache azoee." Ilinisumbua sana hiyo bado. Kiumbe amelala chini ya bati langu na hajaonja kitu changu.

Usikasirike nikikufananisha na nyoka, lakini nawe ulikuja hivyohivyo. Dada yangu alipofariki walikuleta hapa na gauni la shule na viatu vya mtu mwingine. Hukulia. Ulikaa nyuma ya pipa la maji na hukutaka kula. Mimi nikaleta ugali, nikaleta ndizi, nikaleta soda, nikaleta maneno. Nilikuambia nitakupeleka kwa waganga wa Kizungu wakuchome sindano ya njaa. Nilikushika kidevu, Leokadia. Huenda hukumbuki. Mimi nakumbuka ulivyofunga meno, na macho yalivyokuwa yakinitazama kama natoka mbali.

Mama yako Editruda akanivuta shati. "Toka nje."

"Mtoto atakufa na njaa."

"Hatakufa. Amefiwa. Weka sahani chini, toka nje, na uache mlango wazi kidogo."

Nilikaa uani kwa hasira, nikijifanya natengeneza baiskeli isiyo na ubovu. Tuliporudi sahani ilikuwa tupu na wewe uko palepale nyuma ya pipa, unatutazama kama si wewe. Sikukusifu. Mama yako alinikanyaga mguu ili nisikusifu. Kama nimewahi kujua jambo moja kuhusu kulisha kiumbe aliyeogopa, nililipata siku ile, na bado leo nimeshindwa kulitumia.

Sasa habari ya mkono. Lile kovu la kiganjani, yule chui niliyekusimulia hakuhusika. Tulikuwa tumeoana karibuni, mimi na mama yako Editruda, na Shangazi alikuwa nyumbani sarakasi ikiwa mapumzikoni. Nilikuwa nimetoka kunyonyoa kuku wa kwetu wa mchana. Nikanawa kidogo, kama tunavyonawa wanaume, nikaenda kumbadilishia maji. Nyoka haoni vizuri, ananusa. Yeye hakuona mjomba wa watu. Alinusa kuku ananyoosha shingo.

Alikamata kiganja, akajizungusha mkononi mpaka kwenye bega. Si hasira, mwanangu. Hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa mtulivu kabisa, anafanya kazi yake. Kila nikipumua anakaza. Nikaita, sauti haitoki vizuri. Nikavuta, na meno ya chatu yamelala kuelekea nyuma, ukivuta unajichana mwenyewe. Mama yako Editruda akaingia, akatazama, akatoka. Nikasema basi, mke ameona bora awe mjane mapema. Akarudi na chupa ya gongo ya baba yake, akammwagia Shangazi mdomoni. Akaachia. Halafu akaanza kumfungua kutoka mkiani, pindo moja moja, kama anafumua nywele.

"Ukimwanzia kichwani anakaza," akasema. "Mkiani hana nguvu."

"Umejulia wapi?"

"Nimefunga mizigo ya kuni tangu mtoto. Kamba haifunguliwi pale ilipobana."

Kwa hiyo nawe nawa mikono kwa sabuni kabla na baada, mpaka kwenye kiwiko. Mgonge taratibu kwa fimbo kabla hujamgusa, ajue kwamba hii si chakula, hii ni usafi tu. Chakula kiende kwa koleo ndefu, kiwe kimeshakufa, na kisiwe kinene kuliko tumbo lake lilivyo nene. Ukishampa, usimshike kwa siku kadhaa, hata akija waziri. Macho yake yakiwa na ukungu kama ya mzee, anataka kujivua gamba, mwache, hana hamu.

Ila haya umefundishwa chuoni. Ambalo huenda hawakulikazia ni hili, nami siamuru, naomba: usimlishe peke yako. Huyu leo ni urefu wa kitanda, kesho atakuwa urefu wa chumba. Utakuwa na chumba cha kupanga, utarudi umechoka, utasema ni kuku mmoja tu, nimalize nilale. Siku ya namna hiyo ndiyo mkono unasahau. Tafuta mtu asimame mlangoni, hata kama ni mwoga, hata kama hajui kitu, mradi ana miguu ya kukimbia kuita wengine. Mimi nilikuwa hodari kuliko wote Ruvuma, na ninayo mikono miwili leo kwa sababu mtu alikuwa anapika chumba cha pili.

Habari za panya nazo. Nilikuwa namwachia Shangazi panya mzima usiku, nikalale. Kumbe ukimwacha panya na nyoka asiye na njaa, mwenye njaa atakuwa panya. Asubuhi nilimkuta Shangazi ametafunwa mgongo, panya amekaa kwenye kona anasafisha sharubu. Safari nyingine nikaona ujanja, nikamnunulia wale panya wa shambani waliobanikwa kwenye vijiti, wenye chumvi, kama wanavyoliwa kwetu. Nilisema nyoka gani atakataa kitoweo kizuri namna hii. Akakataa. Nikawala mimi. Na huko Tunduru utawaona wengi, hao nunua kwa ajili yako ukipenda. Wa chatu chukua kwa mtu anayewafuga, usichukue wa kuokota kwenye maghala, huwezi kujua wameshalamba sumu ya nani.

Nimefika kwenye lile ambalo sitaki kuliandika.

Sarakasi ilialikwa Mbinga. Ilikuwa kipupwe, unajua Songea mwezi wa saba, baridi inakaa mpaka ndani ya kijiko. Jioni kabla ya safari nikamtazama Shangazi, nikaona njia ni ndefu, ana baridi, na mimi ndiye mkurugenzi wa chakula chake. Nikampa kuku mkubwa ili apate nguvu ya safari. Yule mzee hakuwepo, na mimi nilitaka wote waone kwamba nyoka wangu anasafiri ameshiba.

Nyoka hapiki chakula kwa moto wa tumboni kama sisi, Leokadia. Anapikia kwa joto la nje. Baridi ikiingia, kile kilichoko tumboni kinaoza kabla hakijaiva. Ongeza lori, ongeza mashimo, ongeza kutupwa huku na huku. Alianza kutapika kabla hatujafika, na tulipofika hakuwa yule. Nilimfunika kwa koti langu. Nilimkalia karibu, nikamwekea chupa za maji ya moto. Hakuna onyesho lililofanyika Mbinga. Siku chache baadaye akafa, na watu wa sarakasi hawakunigombeza hata mmoja. Walinigawia nauli ya kurudi, wakaondoka kuelekea Njombe bila mimi. Nilikuwa na mafua makali siku ile, macho yanatoa maji tu.

Kwa hiyo leo nilijua. Hilo ndilo linalonichosha kuliko magoti. Sikumlisha chatu wako kwa kutojua. Nilikaa kwenye kiti, nyumba iko kimya, begi lako liko mlangoni, na sanduku liko karibu na begi. Nikaona viumbe wawili wanaondoka kwangu na mmoja hajawahi kula hapa. Mkono ukaenda bandani wenyewe. Nikamning'iniza kijogoo kwa koleo, nikisema hatakubali, hajala tangu aje. Akakubali. Alimkamata safi kabisa, kama mtu aliyekuwa anasubiri aulizwe vizuri. Nikafurahi, nakwambia ukweli, nikafurahi kama mtoto. Halafu nikaanza kumwona Shangazi kwenye lile lori, nikakaa chini.

Mtu anaweza kujifunza jambo mara tatu na bado mikono yake ikabaki darasa la tano.

Basi sikiliza mpango wangu. Sanduku nitaliweka kwenye chumba chako, ndicho chenye ukuta wa jikoni, kinashika joto. Nitamwekea maji. Sitamgusa, sitamwonyesha mtu, hata mwenyekiti akija na wageni wake. Mama yako Editruda atakuwa na ufunguo, mimi sitakuwa nao, hilo nimemwambia na amesema alishapanga hivyo kabla sijafungua mdomo. Uache nakala ya kibali na barua yako kwamba nimetumwa. Kwa yule bwana mwambie tu ukweli: chatu amekula mara ya kwanza tangu apatikane, na mtunzaji wake amekataa kumsafirisha akiwa ameshiba. Kama ni mtu wa nyoka kweli, ataona ameajiri mtu anayejua kazi. Kama hataona, basi ni vizuri ukamjua mapema. Usinitaje. Au nitaje, vyovyote. Mwambie kosa ni la mjomba, na anayelirekebisha ni wewe.

Nimekupitishia barua chini ya mlango kwa sababu kesho alfajiri tutakuwa na haraka, na mbele ya basi nitaanza kusema mambo ya kengele na mbuzi ili ucheke, utapanda bila sisi kuzungumza. Ukikubali kumwacha, acha sanduku hapo lilipo. Ukikataa, sitakuzuia. Nitalibeba mimi mpaka stendi, nitalifunika na koti langu, na utanipigia simu kutoka Namtumbo uniambie kama ametulia.

Lakini ukimwacha, kuna jambo moja ujue, na ukilisoma usimwambie mama yako Editruda. Zile habari zangu za Tunduru, za mwaka niliokwenda kutafuta vito, nikalala kwa matajiri, nikazoea kila kichochoro mpaka wafanyabiashara wananipigia saluti: lori letu liliharibika Namtumbo. Nilikaa pale mpaka posho ikaisha, nikarudi na gari la mahindi, na nikajificha kwa rafiki Matogoro nipate ndevu za mtu aliyetoka mbali. Tunduru sijawahi kufika. Kwa hiyo siku nitakayomleta, mwanangu, uje stendi unisubiri. Nikishuka na lile sanduku sitajua niende upande gani.

Mjomba wako,
Kasiani